Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: picha ya mechi yetu iliuzwa kwa bei gani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo,
Nairobi.

KUH: PESA ZA HAKI ZA MATANGAZO NA TIMU ZA LIGI ZA CHINI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kayole. Barua hii ilipaswa kukufikia ndani ya bahasha, mkononi, kama adabu inavyotaka. Lakini bahasha nimeshazijua. Niliwahi kupeleka moja kwenye ofisi fulani inayohusika na kandanda (siitaji, wenyewe wanajijua), nikagongewa muhuri mwekundu wa kupokelewa, na hadi leo muhuri ndio jibu nililopata. Kwa hiyo hii naiweka mahali ambapo kila mtu ataisoma, nawe ukiwemo ukipata nafasi.

Mimi ni mweka hazina wa timu ya mtaa inayocheza Daraja la Kwanza. Juu yetu kuna Ligi Kuu, kisha Ligi ya Taifa ya Supa. Sisi ni ngazi ya tatu, na huku kamera ya runinga hatujaiona. Kazi inayonilisha ni kibanda cha M-Pesa. Vijana walinichagua kwa sababu moja tu, kwamba naweza kushika pesa za watu bila kuzitamani. Walisahau kuniambia kwamba pesa zenyewe hazitakuwepo.

Msimu huu kijana wetu mmoja aliyeumia goti, badala ya kukaa kando akinung'unika, alianza kurusha mechi zetu za nyumbani moja kwa moja kwenye Facebook. Simu anaifunga kwenye kigingi, anapanda juu ya kreti ya soda, anatangaza. Anatangaza vizuri kuliko wengine wanaolipwa, lakini hayo tuyaache. Watazamaji wakaanza kuja, si wengi, ila ni watu wanaojulikana kwa majina: dada za wachezaji walio kazini Saudia na Qatar, wazee waliostaafu wakarudi ushago, vijana waliowahi kuvaa jezi yetu. Mwenye bucha mtaani akaona, akasema atatoa kitu kidogo kila mechi ya nyumbani mradi jina la bucha litajwe na bango lake lionekane nyuma ya goli. Akafuata mwenye hadiwea. Pesa za hao wawili zikatosha kitu kimoja, ambulensi.

Labda kwa cheo chako hujapata sababu ya kujua ambulensi ina maana gani kwa timu kama yetu. Ndiyo ruhusa ya kucheza. Isipokuwepo uwanjani, refa hapulizi kipenga. Anangoja muda wa kanuni uishe, kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, anaandika ripoti yake, wageni wanaondoka na pointi tatu za mezani, na mwenyeji anabaki na posho ya marefa, ambayo lazima ilipwe kwa kuwa wao walifika.

Basi ikaja barua. Ilikuja kwa WhatsApp, picha ya karatasi iliyopigwa kwa upande, ina nembo, ina sahihi. Ilituamuru tukome mara moja kurusha mechi, kwa kuwa haki zote za matangazo ya ligi si za klabu na tayari zimeuzwa kwa mshirika wa matangazo, na kwamba tukirudia tutachukuliwa hatua. Kijana akashuka kwenye kreti. Mwenye bucha akaniambia kwa upole, "Mama, sasa bango langu litaonwa na nani, kunguru?" Wa hadiwea hakusema neno, aliacha tu kupokea simu zangu. Mechi ya nyumbani iliyofuata sikuwa na pesa ya kuita ambulensi. Wageni walichukua pointi zetu bila hata kuvua traksuti.

Hebu tuisome tena hiyo barua, Mheshimiwa, wewe na mimi. Haki zetu zimeuzwa. Sawa, sibishi. Kitu kikiuzwa kina bei, na bei ikilipwa kuna mtu aliyepokea. Mimi ni mtu wa kibanda, na kibandani hakuna muamala usio na ujumbe wa kuthibitisha. Huu wetu uliingia kwa simu ya nani?

Nimeufuata mjadala wa pesa za runinga tangu enzi za SuperSport. Mgala muue na haki yake mpe: wale walileta magari na kamera zao, na wakati huo mtu wa Kayole angeweza kumwona mtoto wa jirani yake akicheza Kasarani akiwa amekaa sebuleni. Mwaka 2017 wakafunga virago, wakubwa wakiwa bado wanavutana kama Ligi Kuu iwe na timu 16 au 18. Mwaka 2020 StarTimes wakaingia na mkataba wa miaka saba. Mwaka huohuo kampuni ya kubeti ya BetKing wakatangazwa kuwa wadhamini wa Ligi Kuu kwa miaka mitano, shilingi bilioni 1.2. BetKing wakaondoka mwaka uliofuata. Na wa StarTimes haukufika hata nusu ya safari, maana mwaka 2023 tulipigiwa makofi ya mkataba mwingine, wa Azam TV, nao wa miaka saba. Naona miaka saba ya kandanda hapa kwetu haina urefu sawa na miaka saba ya binadamu wengine.

Kuna kitu kuhusu ule wa StarTimes ambacho sijakisahau. Klabu zilitakiwa kuukubali. Mathare United na Zoo zikakataa kutia sahihi, na mwishoni mwa 2020 zikasimamishwa. Mathare United, Mheshimiwa! Mabingwa wa Kenya wa 2008, timu iliyozaliwa na chama cha vijana waliokuwa wakizoa taka mtaani mwao ndipo wapate kucheza. Ikiwa bingwa wa nchi anaweza kuwekwa nje ya uwanja kwa kusita kutia sahihi, mama wa M-Pesa wa Kayole akiomba kuonyeshwa ukurasa mmoja tu wa mkataba atajibiwaje?

Wa Azam uliripotiwa kuwa na thamani ya takriban shilingi bilioni 1.3. Nimezigawa kwa miaka saba. Ni kama milioni 185 kwa mwaka. Chukua asilimia tano tu, usiguse nyingine, waachie Ligi Kuu zote zilizobaki, maana nao wana mishahara ya kulipa na sina wivu nao. Asilimia tano ni zaidi ya milioni tisa. Zigawe kwa timu arobaini za ngazi za chini, kila moja inapata zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Najua laki mbili kwa watu fulani ni chakula cha mchana cha kikao kimoja hotelini. Kwetu ni ambulensi ya mechi zote za nyumbani na chenji ya kununua maji.

Sasa, inawezekana asilimia hiyo ipo. Inawezekana imeandikwa kwenye mkataba, ina kifungu chake, ina nambari yake, na kuna akaunti inaingia. Mimi sijawahi kuiona shilingi yake, na wenzangu wa timu nilizocheza nazo wakinieleza ukweli, wala wao hawajaiona. Yamekuwa kama maji ya mfereji huku Eastlands: bili inafika kila mwezi, maji hayafiki. Barua ya kutuzuia kurusha mechi ndiyo bili yetu.

Naomba unisikilize kidogo kuhusu vijana wanaokaa mbele ya kibanda changu jioni. Wote wana jezi za Uingereza. Wakianza kubishana ungedhani ni wahasibu waliosomea kazi hiyo. Wanajua Everton walinyang'anywa pointi kumi Novemba 2023 kwa kupita kiwango cha hasara, kisha zikapunguzwa zikawa sita. Wanajua Nottingham Forest walipoteza nne. Wanajua Manchester City walifunguliwa mashtaka zaidi ya mia moja ya kuvunja kanuni za fedha, na kila mmoja ana hukumu yake mfukoni. Siku moja nikawauliza, timu yenu wenyewe, ile mnayoipita mkienda kununua mutura, inapata pesa wapi? Wakacheka. Mmoja akanijibu, "Si ni wewe, mathe?"

Nao wana sababu ya kujua mambo ya huko. Huko mahesabu huanikwa. Ligi Kuu ya Uingereza hutoa kila msimu orodha ya kila klabu ilipewa kiasi gani kutoka kwenye mfuko wa pamoja. Nusu ya pesa za runinga ya nyumbani hugawanywa sawasawa, robo hufuata nafasi kwenye jedwali, robo hufuata mechi zilizoonyeshwa. Timu ya mwisho inajua ya kwanza ilipata nini. Usinielewe vibaya, sikuambii kwao ni peponi. Mwaka 1992 timu kubwa zilijitenga zikaanzisha ligi yao ili pesa za runinga zisishuke chini sana. Mwaka 2002 kampuni ya ITV Digital, iliyokuwa imeahidi ligi za chini pauni milioni 315 kwa miaka mitatu, ilianguka ikiwa bado inadaiwa zaidi ya nusu yake, na klabu zilizokuwa zimeshazitumia pesa kabla hazijafika zikaingia kwenye mikono ya wafilisi. Mwaka 2019 Bury, waliokuwa kwenye ligi tangu 1894, walifukuzwa kwa sababu ya madeni. Ila tofauti ni hii: baada ya vilio vyote hivyo, bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuunda mdhibiti huru wa kandanda, na mdhibiti huyo ana nguvu ya kuingilia kati, wa juu na wa chini wakishindwa kukubaliana juu ya mgao. Walipigana hadharani, kwa tarakimu ambazo kila mtu alikuwa nazo mkononi.

Wala hatuhitaji kupanda ndege. Vuka Namanga tu. Mwaka 2021 Tanzania walitia sahihi na Azam hiyohiyo mkataba wa miaka kumi, shilingi zao bilioni 225.6, na leo mchezaji wetu akipata nafuu kidogo ndoto yake ya kwanza ni Dar es Salaam. Zamani walikuwa wakija wao kwetu.

Nije sasa kwa jambo linaloninyima usingizi, ambalo sikutaka kuliandika, lakini nikiliacha barua hii itakuwa ya nauli na ambulensi peke yake.

Kwenye mechi zetu kuna kijana fulani huja. Si wa mtaa, hashangilii upande wowote. Husimama karibu na mstari wa kati na simu yake, na kila kona, kila rusha, kila kadi, vidole vyake vinacheza. Mwanzoni nilidhani ni skauti wa wachezaji, nikamletea hata kiti. Baadaye nikaanza kuwaza vingine. Sina ushahidi na simtuhumu mtu, lakini nakisia kwamba mahali fulani duniani, mtu ambaye hawezi kuionyesha Kayole kwenye ramani anabashiri mechi yetu dakika kwa dakika, na kuna anayelipwa kwa kumpelekea habari. Ikiwa nimekisia vibaya, nisahihishwe. Ikiwa nimekisia vizuri, basi picha yetu imekatazwa na kona zetu zinauzwa, na katika biashara zote mbili sisi tunaokimbia juani ndio tusio na fungu.

Hazikupita siku nyingi mwanamume mwingine akaja kibandani. Alitoa pesa ndogo, akazungusha maneno, akauliza hali ya kipa wetu. Anaishi na nani? Kodi analipiwa na nani? Ana mtoto? Nilimjibu kwa namna ambayo siwezi kuiandika kwa waziri, akaenda zake. Lakini nilielewa alichokuwa akihesabu. Kipa wetu anaishi na nyanya yake, na kwa kila mechi ya nyumbani anapata nauli na chai, tukiwa nazo. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji kadhaa kwa kupanga matokeo ya mechi za Ligi Kuu yetu, mmoja wao maisha. Hao walikuwa ngazi ya juu kabisa, ngazi yenye runinga. Wewe ungekuwa mwenye hila na pesa mfukoni, ungeanza kuwatafuta wenye njaa ngazi ya kwanza au ya tatu?

Kila msimu tunaletewa semina kuhusu uadilifu. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunapewa soda, tunaambiwa tusiuze mechi. Semina ni nzuri. Ada ya kujisajili inangoja mlangoni.

Maana sisi wa chini, Mheshimiwa, tumebebeshwa kanuni zote za matajiri. Kocha awe na leseni, daktari awepo, polisi waitwe, jezi za rangi mbili, ada, faini ya kuchelewa, faini ya shabiki kuingia uwanjani wakati uwanja wenyewe hauna ua na njia ya watu kwenda sokoni inapita kwenye kona ya mashariki. Kanuni sizikatai. Zinaokoa maisha. Ninachokataa ni kwamba wajibu wote umeshuka mpaka chini na mapato yote yamebaki juu. Na usidhani mambo haya huwapata wa mtaani tu. SoNy Sugar, waliowahi kuwa mabingwa wa nchi, walifukuzwa Ligi Kuu mwaka 2019 kwa kushindwa kufika kwenye mechi, pesa za kiwanda zilipokauka. Mkubwa akianguka magazeti huandika. Timu za daraja letu hupotea katikati ya msimu, na unajua zimepotea ukifika uwanjani ukakuta mbuzi.

Safari za ugenini sitazimaliza. Ukipangiwa Pwani, mnaondoka Nairobi usiku, mnalala kwenye viti vya basi, mnafika Mombasa alfajiri, mnanawa uso kwenye kituo cha mafuta, mnacheza saa tisa, mnarudi usiku huohuo kwa kuwa chumba kimoja cha lojing'i ni nauli ya magari mawili ya marefa. Vijana wakifungwa mabao manne watu husema hawana nidhamu. Nani ana nidhamu ya misuli baada ya kilomita karibu mia tano akiwa amekunja miguu? Basi lenyewe, mwenyewe alitudai wiki tatu, na nilimlipa kwa floti, zile pesa za kuendeshea kibanda changu, jambo ambalo mume wangu analisikia kwa mara ya kwanza hapa.

Utaniambia, au wasaidizi wako watakuandikia uniambie, kwamba serikali haiingilii mpira. Najua wimbo huo. Novemba 2021 aliyekuwa kwenye kiti chako aliweka kamati ya muda iendeshe mpira badala ya shirikisho, Februari 2022 FIFA wakatufungia, na tukakaa nje hadi Novemba mwaka huo. Sikuombi uvunje chochote, wala umfukuze mtu, wala uunde kamati. Tafadhali sana, kamati usiunde. Lakini usiniambie pia kwamba huna mkono. Sheria ya Michezo ya 2013 ni ya nchi hii. Viwanja ni vya umma. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii ilianzishwa kwa jasho la wanaobeti, wakiwemo hao wa mbele ya kibanda changu. Kwenye barabara ya Ngong kumesimamishwa uwanja wa Talanta wa viti 60,000, kwa mabilioni zaidi ya arobaini, kwa ajili ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027. Mkono wa serikali upo kwenye mpira mpaka kiwiko. Unachoniambia hauwezi ni kufungua droo moja na kutoa karatasi.

Na kumbuka CHAN, Agosti 2025. Nchi nzima ilikuwa barabarani. Tuliwafunga Morocco, Kasarani ikatikisika, na Rais akaahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Nilifurahi kama kila Mkenya. Nilifunga kibanda mapema. Yale ni mashindano ya mataifa ya Afrika, ya wanaocheza ligi za nyumbani pekee. Wale vijana hawakuchipuka Kasarani. Kabla ya Ligi Kuu, huko nyuma, kuna mtu aliyewalipia nauli wakiwa na miaka kumi na saba, kuna kocha aliyewanunulia daluga za mtumba Gikomba, kuna mama aliyefua jezi. Milioni ilipotolewa, ngazi zile hazikutajwa hata kwa kushukuriwa.

Kuna mgeni rasmi mmoja, si wewe, aliyekuja kwenye fainali ya kombe la mtaa wetu, akashika maikrofoni akasema pesa za runinga "zitateremka hadi mashinani". Tulipiga makofi. Alipiga picha na kombe kabla halijakabidhiwa, akapanda gari, vumbi likatulia. Kwa lugha ya kibanda, ule ulikuwa muamala uliokwama: pesa imetoka upande mmoja, haijaingia upande wa pili, na nambari ya huduma kwa wateja haipokelewi.

Nilikuwa nimeandika madai mengi. Mfuko wa nauli kwa ligi za chini. Kaunti ya Nairobi ituachie viwanja vya umma bila malipo ya siku. Klabu ziruhusiwe kurusha mechi ambazo mwenye haki hana mpango wa kuzionyesha, kwa masharti yoyote anayotaka, hata nembo yake iwekwe pembeni, hata sehemu ya pesa ya bucha achukue. Marefa wa ngazi za chini walipwe kutoka juu, wasiwe wanamtazama mwenyeji mkononi kabla ya mechi. Binti yangu akasoma akaniambia, "Mum, waziri hafiki ukurasa wa pili." Ana miaka kumi na sita na pengine anakujua kuliko mimi. Basi nayaacha yote, nabaki na moja.

Omba, kwa barua, kwa heshima, kwa njia yoyote ambayo FIFA haitakasirika, kila mkataba wa haki za matangazo unaohusu ligi za Kenya uwekwe hadharani, na uonyeshe wazi ngazi za chini zinapata asilimia ngapi. Kama jibu ni tano, tuzione. Kama ni moja, tuione hiyo moja. Kama ni sufuri, iandikwe sufuri, kwa herufi, ikiwa na sahihi ya aliyekubali kwa niaba yetu, ili tujue tunagombana na nani. Siwezi kupanga bajeti ya timu kwa uvumi. Siwezi kumwambia kipa anayeishi na nyanya yake avumilie bila kumwambia anavumilia mpaka nini kifike.

Na huku tukingoja, wenye barua ile ya WhatsApp wangeweza kuifuta. Hilo halihitaji hata bajeti. Mechi yetu ya nyumbani ijayo ni Jumapili, saa tisa alasiri, na kwa sasa hatuna ambulensi.

Nimeacha kutaja jina la timu kwa sababu vijana wana msimu wa kumaliza na nisingependa adhabu iwafikie kwa mdomo wangu. Ofisi yako ikitaka kunipata haitasumbuka; uliza Kayole mweka hazina anayeuza floti.

Wako katika kandanda,

Mweka hazina,
timu ya Daraja la Kwanza, Kayole, Nairobi.

Nakala kwa:
Kamati ya Bunge la Taifa ya Michezo na Utamaduni
Msajili wa Michezo
Wenyeviti wa klabu zote za ligi za chini, wanaojua haya yote na wamenyamaza